Ingia pangoni na penseli yako

Nikiulizwa mchezo gani wa simu unaifanyisha akili kazi kweli, jibu langu huwavunja watu moyo: ule usio na picha hata moja.

Mchezo wa maandishi hukupa sentensi mbili tatu tu. Umo ndani ya chumba, njia ziko kaskazini na magharibi, chini pana taa. Wewe unaandika amri, chukua taa, nenda magharibi, kwa Kiingereza chepesi cha maneno mawili, nao unakujibu umefika wapi. Ramani huoneshwi. Unaijenga mwenyewe kichwani, na hapo ndipo jasho linapotoka.

Anayeanza namshauri Hunt the Wumpus, alioutunga Gregory Yob mwaka 1973. Vyumba ni 20, kila kimoja kinapakana na vitatu. Likiwa karibu dude linaloishi humo, unapata harufu. Shimo likiwa jirani, unahisi upepo. Ukisikia popo, chagua njia kwa uangalifu, maana ukiingia chumbani mwao watakubeba wakakutupe wapendapo. Basi kazi ni kupiga hesabu: hapa pananuka, kule nilikotoka hapakunuka, kwa hivyo limebaki upande gani? Raundi moja inakwisha kahawa haijapoa.

Ukishazoea, nenda kwenye Colossal Cave Adventure. Will Crowther, Mmarekani mwandishi wa programu na mpenda mapango, aliutengeneza katikati ya miaka ya 1970 kwa kufuata sehemu ya Mammoth Cave, pango la kweli huko Kentucky. Don Woods akaupanua mwaka 1977. Humo muna vyumba vinavyoelezwa vyote kwa maneno yale yale, na ukenda kaskazini kisha ukarudi kusini, si lazima ufike ulikotoka.

Sisi tuliokulia kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe tunajiona mabingwa wa mambo haya. Kutoka Darajani mpaka Shangani mimi sihitaji kuuliza mtu. Lakini uhodari ule unabebwa na alama: mlango wa njumu, baraza la wazee, harufu ya urojo, kona yenye duka la vitambaa. Pangoni alama hizo hazimo, lazima uziweke wewe. Kila chumba angusha kitu: funguo hapa, chakula pale, chupa ya maji kule. Ukizikuta funguo tena, unajua umezunguka. Kwenye daftari chora duara, liandike "funguo", kisha toa mstari kwa kila upande na uandike unakofikia. Usikichoke chumba mpaka pande zake zote umezijua, hata kwa kwenda na kurudi.

Zork, ulioanzishwa na vijana wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 1977, una ukorofi wa ziada: muna mwizi anayezurura, na vitu ulivyoviacha kama alama anaweza kuviokota. Ndiyo maana nasisitiza karatasi. Hiyo mwizi haiibi.

Majibu yametapakaa kwenye intaneti. Usiyasome. Ukikwama, weka simu, kasali, kaoge, rudi kesho. Mchezo uliousomea majibu ni sawa na kuisoma barua ya mwenzio, utajua yaliyomo na hayakuhusu.

Sikuahidi kwamba utaacha kusahau ulipoweka miwani, na anayekwambia hivyo anakuuzia kitu. Faida niliyoiona mwilini mwangu ni ndogo na ya wazi: mtu akinielekeza njia siku hizi namsikiliza mpaka mwisho, na kila anapotaja kona, naiona.

Michezo hii haijazi simu wala haimalizi bando, na pango la Crowther linapatikana bure. Kama nyumbani kuna mtoto wa skuli, chezeni pamoja: yeye asome Kiingereza na kuandika amri, wewe uchore. Mtabishana kaskazini iko wapi. Uacheni mchezo uwaamue.