Msitu wa Kutembea Karibu na Bwawa la Bujagali

SWALI: Ndugu Mhariri, shangazi yangu, ambaye amepita umri wa miaka 60, anakuja kututembelea hapa Jinja pamoja na wajukuu wake wawili. Nimekwisha kuwaahidi kwamba nitawapeleka kuliona ziwa la bwawa la Bujagali, lakini wangependa pia kutembea kidogo msituni, pasipo kupanda mlima. Je, ni wapi panapofaa?

Msomaji, Jinja

JIBU: Ndugu msomaji, mpeleke shangazi Mabira, tena asubuhi, kabla ya kwenda bwawani. Ofisi ya wageni iko Najjembe, kwenye barabara kuu iendayo Kampala. Msitu huo, wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 300, unasimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Misitu; lipeni kiingilio, mchukue mwongozaji, na mumweleze mapema kwamba mna mzee na watoto, ili awachagulie njia fupi iliyo tambarare.

Msiende mbio. Mkifika penye mti mkubwa ambao mizizi yake imejitokeza juu ya ardhi na kulizunguka shina kama kuta nyembamba, waacheni watoto waingie katikati na kuigonga kwa viganja, wausikie mti ukiitika. Mvumo mzito wa mabawa juu ya vichwa vyenu ni wa hondohondo, na mara nyingi utausikia kabla hujamwona ndege mwenyewe. Mwombeni mwongozaji awaonyeshe pia mforosadi wa karatasi, mti mgeni kutoka Asia wenye majani ya vinyweleo laini, ambao huota upesi pale miti ya asili ilipokatwa; palipojaa mti huo, jueni kwamba shoka limewahi kupita, jambo ambalo mimi hunisikitisha kila nilionapo.

Mabira na bwawa lenu, kwa kweli, ni habari moja. Bwawa la Bujagali, lililokamilika mwaka 2012, liliyazamisha maporomoko ya Bujagali, na katika makubaliano yake na Benki ya Dunia serikali iliahidi, kama fidia ya hasara hiyo, kuyahifadhi maporomoko ya Kalagala na kuitunza misitu ya eneo hilo, Mabira ukiwemo. Kwa hiyo ningependa wajukuu hao waione miti kwanza, ndipo waonyeshwe ziwa.

Shangazi avae viatu vilivyofungwa na soksi ndefu kwa ajili ya siafu, na kama mvua imenyesha usiku, apewe fimbo, maana udongo wa njia za msituni huteleza sana. Bwawani, watoto wabaki ukingoni wala wasichezee maji hata yakionekana matulivu, kwa sababu kichocho kipo katika maji ya Nile.