Usishindane na simu, mdogo wangu

Juzi kijana wa Dodoma ameniandikia: "Kaka, simu zimetumaliza. Nifunge studio?" Nimekaa na ujumbe wake siku mbili, kwa sababu mwaka 2021 swali hilohilo lilininyima usingizi.

Studio yangu ya picha iko Ngamiani, Tanga. Kwa miaka tisa nilipiga picha za mahafali ya shule moja. Mwaka ule wakaniambia nisije, mwalimu wao ana simu yenye kamera nzuri. Nilikuwa nimeshachukua karatasi na wino kwa mkopo. Mpaka leo nikipita getini pale naangalia upande wa pili.

Nikashusha bei ya pasipoti saizi. Nikaweka mashine ya fotokopi, nikauza vocha, nikachaji simu za watu. Miezi minane nafunga saa nne usiku, na deni liko palepale.

Kilichonifungua macho ni habari za watengenezaji wa kamera wenyewe. Nilitaka kujua nani mwingine anaumia. Mwaka 2010 kampuni kubwa, nyingi za Japani, zilisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120. Mwaka 2020 hazikufika hata milioni 10. Olympus, waliokuwa kwenye kazi hiyo tangu 1936, wakatangaza kuuza kitengo chao cha kamera. Nilisoma hayo nimekaa kwenye kiti cha wateja, studio tupu.

Halafu nikakutana na Leica. Kampuni ndogo ya Ujerumani, mwaka 2005 nusura ifilisike. Mwaka 2012 ikatoa kamera ya dijitali isiyopiga rangi kabisa. Nyeusi na nyeupe tu, tena ghali! Wenye kuipenda wakainunua, na kampuni ikaendelea kutoa nyingine za aina hiyo. Pentax nao mwaka 2024 wametoa kamera mpya ya filamu, unasogeza mkanda kwa kidole, na kwa kuwa kila picha inachukua nusu ya nafasi, mkanda wa picha 36 unakupa 72. Simu haiwezi kumpa mtu raha ile ya kidole, wala Pentax hawakujaribu kuishinda simu kwa wepesi.

Nikauza mashine ya fotokopi. Nikabaki na kazi moja: picha za wazee, nyeusi na nyeupe, kwenye karatasi nzuri, ndani ya fremu. Mzee anakaa saa nzima, tunaongea, ndipo napiga. Shilingi 60,000.

Mteja wa kwanza alikuwa bibi wa Chumbageni. Wajukuu walikuwa na picha zake mamia, simu ikadondoka baharini zikaenda zote. Alipoiona yake ukutani aliigusa shavuni, akaniuliza, "Huyu ni mimi au mama yangu?" Sijawahi kujivunia kazi kama siku ile.

Sasa nisikilizeni, ndugu zangu wapiga picha. Mwenye biashara ndogo hana mtaji wa kumpa kila mtu kila kitu. Chagua kimoja. Wateja watapungua mwanzoni, vumilia, na usiguse bei. Narudia, kimoja! Ndugu watakucheka, mimi shemeji zangu walinicheka mwaka mzima, na wewe kaa na hicho kimoja.

Kwa hiyo usifunge, kijana wangu. Kesho asubuhi andika kila unachouza hapo dukani, ukate vyote isipokuwa kile ambacho ungekifanya hata bila kulipwa. Kisha niandikie umebakiza nini.