Pikipiki za umeme zikija Dodoma, fundi wa injini ajiandaeje?

SWALI: Habari injinia. Mi fundi pikipiki hapa Nkuhungu, nina kijana namfundisha injini. Wengine wanasema pikipiki za umeme zinakuja kwa kasi, wengine wanasema kelele tu. Ntajuaje teknolojia ipi inakuja kweli, na huyu kijana nimfundishe nini?

JIBU: Salama kabisa fundi. Mwaka zitakaojaa mjini hapa sikutajii, na anayekutajia mwambie akuoneshe hesabu yake. Ila mwelekeo unasomeka vizuri tu. Angalia bei ya kile kipande kilicho ghali kuliko vyote, na kwenye pikipiki ya umeme hicho ni betri. Mwaka 1936 mhandisi Mmarekani, Theodore Wright, alionesha kwamba kila idadi ya ndege zilizoundwa ikiongezeka mara mbili, gharama ya kuunda moja inashuka kwa asilimia ileile, na betri za lithiamu zimefata njia hiyohiyo, 2010 betri ya kutunza uniti moja ya umeme ilikuwa zaidi ya dola 1,000, 2024 wastani ukafika kwenye 115 hivi. Hiyo sio kelele.

Afu shuka kwenye mfuko wa bodaboda mwenyewe. Kilomita 100 pikipiki ya umeme inakula uniti 3 mpaka 4 za umeme, ya petroli inakula lita 2 na kitu, piga hesabu kwa bei za leo utaona kwa nini Kigali na Nairobi vijana washaanza kubadilishana betri vituoni badala ya kusubiri chaji. Kwa hiyo mimi naona zitaanzia mjini, Majengo, Sabasaba, Area C, safari fupi fupi za kutwa nzima. Anayebeba magunia kwenda vijijini huko Bahi au Mvumi atabaki na petroli muda mrefu, na pikipiki zilizopo leo hazifi kesho, so injini usiache kumfundisha.

Ila muongezee vitu ambavyo vitamfaa hata teknolojia ipi ishinde sokoni. Breki, beringi, shokapu, tairi zinabaki. Plagi, kabureta, klachi zinaondoka, na nafasi yake inachukuliwa na mota, kontrola (kile kifaa kinachopima umeme wa kwenda kwenye mota) na betri. Aanze na kusoma mita ya kupimia volti, hapo ndo pesa ilipo nakwambia. Mteja atakuja analia betri imekufa, kumbe ukifungua pakiti, yaani lile boksi la betri, unapima seli moja moja, vile vibetri vidogo vya ndani, zote zinasoma volti 3.2 au 3.3, moja tu inasoma 2.3, basi ile bodi ya ulinzi imekata umeme wa pakiti nzima kwa sababu ya hiyo moja. Asiyejua kupima atamwambia mteja anunue betri mpya, na betri ndo kitu ghali kuliko vyote kwenye hiyo pikipiki, inaniuma sana nikiona hivyo.

Pesa usimwage nyingi sasa hivi. Nunua mita nzuri, tafuta pakiti mbovu ya kujifunzia, na ulizia VETA kozi za umeme fupi fupi. Nakuomba kitu kimoja fundi wangu: kabla kijana hajagusa pakiti avue pete na saa, spana zake azizungushie tepu, maana volti 72 za lithiamu zikipigwa shoti hazina fyuzi ya kumsubiri, na seli iliyovimba asiichaji kabisa, aitoe nje mbali na petroli ya karakana.