Binti mfalme kamkataa mchumba, na maswali yenu mengine

Nilisema mniulize kuhusu vitabu vya picha vya watoto, simu imejaa. Nachukua manne.

Mama wa Uyole: Binti yangu ana miaka sita, kasoma kitabu binti mfalme anamwacha mwanamfalme. Hatadharau ndoa?

Mama, hicho ni The Paper Bag Princess cha Robert Munsch, kilitoka Canada 1980. Joka limeunguza kasri mpaka nguo za Elizabeth, anavaa mfuko wa karatasi anamfuata mchumba wake Ronald aliyebebwa, na joka lenyewe halipigi hata kofi, analisifia tu, eti kweli unaizunguka dunia kwa sekunde kumi? Linajionyesha wee mpaka linazimika usingizi. Halafu Ronald anamwambia umechafuka, urudi ukivaa kama binti mfalme! Wewe ungemuoza mwanao hapo? Mimi namwona sungura wetu kabisa, yule mdogo anayemshinda mkubwa kwa mdomo, ila safari hii ni wa kike.

Kaka wa Mafinga: Nimenunua kitabu cha Handa, maneno hayajai hata kiganja. Nimepigwa?

Kamwene kaka. Hujapigwa, umesoma maneno tu. Handa ni mtoto wa Kenya, kajitwisha matunda saba anampelekea rafiki yake Akeyo, na maneno yanawaza tu rafiki atapenda lipi, wanyama wanaomwibia matunda njiani wako kwenye picha tu. Juni ile ya baridi kali nilimsomea mtoto wa kaka yangu hapa Mbeya tumekumbatia jiko la mkaa, mimi nasoma kwa madaha, yeye anapiga kelele shangazi nyani kachukua ndizi! Yaani msomaji mkubwa ndo hajui kinachoendelea, asiyejua a wala be ndo anasimulia. Mpe akusomee yeye.

Baba wa Tukuyu: Kijana anapenda kile cha dume la ng'ombe linalonusa maua, babu yake anasema atakuwa legelege.

Babu mpe shikamoo yangu. Ferdinand ni wa 1936, dume kubwa la Hispania, linapelekwa uwanjani Madrid kupigana linakaa chini kunusa maua ya kwenye nywele za akina mama watazamaji, basi linarudishwa nyumbani. Nyie wa Rungwe mnafuga, dume tulivu mnalijua faida yake.

Vya Kiswahili je?

Vipo, Mradi wa Vitabu vya Watoto umevisukuma tangu 1991. Anzia maktaba ya mkoa kabla hujafungua pochi, na mtoto umbebe, achague mwenyewe.