Nimepandisha Ubuntu, nifute folda ya 14?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nasimamia seva ndogo ya duka la dawa hapa Dodoma, mauzo na stoku vyote viko kwenye PostgreSQL, ile programu ya kutunza data. Nimepandisha Ubuntu, mfumo endeshi wa seva, toka 22.04 kwenda 24.04, sasa ndani ya /var/lib/postgresql naona folda mbili, 14 na 16, na diski inakaribia kujaa. Hii 14 si ya zamani, niifute?

JIBU: Usifute ndugu yangu, tafadhali sana! Mauzo yako yote yako humo kwenye 14, hiyo 16 bado tupu. Ubuntu ikipanda inakuwekea PostgreSQL 16 pembeni na folda yake, data haihamishi, ndo maana duka bado linauza, programu yenu inaongea na 14 kwenye poti (namba ya mlango wa kuunganishia) 5432 na 16 iko 5433 haina kazi. Andika pg_lsclusters utaziona zote mbili.

Zinatengwa hivi kwa sababu mpangilio wa ndani unabadilika kila vesheni kubwa. Kila folda ina kifaili kinaitwa PG_VERSION, 16 ikikuta humo kumeandikwa 14 inagoma kuwaka, na wala usiibadilishe hiyo namba kwa mkono ukidhani utaidanganya. Vesheni ndogo, kama toka 16.3 kwenda 16.4, ni salama, folda ileile.

Sasa fanya hivi, kwanza pg_dumpall, amri ya kutoa nakala ya data yote, bakapu iende diski ya nje sio hiyohiyo. Kisha sudo pg_dropcluster --stop 16 main kuondoa ile tupu, na hapa soma namba mara mbili kabla hujabonyeza maana ukiandika 14 data imekwenda. Halafu sudo pg_upgradecluster 14 main, inanakili data ya 14 kwenda 16, ikimaliza 16 inachukua 5432. Paketi ya 14 usiitoe mapema, kuhamisha kunazihitaji zote mbili, na nafasi ya kutosha nakala ya pili.

Watu watakwambia tumia pg_upgrade na --link, yaani kuhamia 16 bila kunakili mafaili, kweli haili diski na ni haraka mno, ila mafaili yanakuwa ya pamoja, ukishawasha 16 basi 14 huiwashi tena salama. Kwa duka la dawa mimi siikubali, bora uongeze diski.

Kaa na 14 mpaka mfunge hesabu za mwezi na stoku ilingane, ndo uiondoe kwa pg_dropcluster, sio rm -rf (amri ya kufuta folda moja kwa moja), maana rm inaacha mipangilio yake kwenye /etc/postgresql/14.