Kupima klasifaya ya paketi: random tupu haitoshi

Kaka, hapo ulipouliza kama inatosha kurusha IP na poti kwa random ndo upate sheria elfu kumi za kupimia klasifaya (ile inayosoma kichwa cha kila paketi ya mtandao na kuamua sheria ipi inaihusu), mi nasema hapana, utapata sheria ambazo karibu zote hazigusani kabisa na algorithimu yako itaonekana moto kumbe haijakutana na kazi. Sheria za kweli zinarudia vitu vilevile: prifiksi zilezile (biti za mwanzo za anwani ya IP), TCP na UDP, poti moja kamili kama 80 au 53, au "yoyote", au ile renji ya 1024 mpaka 65535. Hiyo renji ukiitia kwenye TCAM (chipu ya kumbukumbu inayolinganisha paketi na sheria zote kwa mpigo, ila haihifadhi renji moja kwa moja) inavunjika kuwa prifiksi 6, na ikiwepo kwenye poti zote mbili, ya mtumaji na ya mpokeaji, ni 6 mara 6, yani sheria moja inakula nafasi 36, sa random haiwezi kukuonesha hilo.

Chukua ClassBench, zana ya kuzalisha sheria za majaribio ya Taylor na Turner, ya kitambo ila bado watu wanaitumia. Ina faili za mbegu 12 zilizotokana na sheria halisi (acl ni za kuruhusu au kuzuia, fw ni za firewall, ipc ni za IP chains za Linux), inazalisha idadi unayotaka, halafu kuna programu nyingine humohumo ya kutengeneza vichwa vya paketi vya kuzijaribia. Fw usiziruke, zimejaa "yoyote" na ndo zinaitoa jasho miti ya maamuzi (algorithimu zinazogawa sheria tawi kwa tawi). Kwa IPv6 au sheria za swichi za OpenFlow nenda ClassBench-ng. Na ukishazalisha, hesabu sheria zilizomo kwenye faili lako, maana zinazojirudia zinafutwa, unaweza ukaomba elfu kumi ukapewa pungufu.