Wasomaji Wauliza: Seva ya Gemu Nyumbani

Maswali ya toleo hili yote yanahusu Minecraft, na wote walioandika wanatumia Crafty Controller, paneli ya bure inayokaa kwenye kompyuta yako na kufunguliwa kwa kivinjari, ili usilazimike kuandika amri kwenye dirisha jeusi. Paneli hiyo tunaipenda hasa kwa kuwa inakuonyesha logi ya seva, yaani kumbukumbu ya kila inachofanya, papo hapo. Ukikwama, anzia hapo.

Wanangu wawili na marafiki zao wa mtaani wanataka seva yao. Nina laptopu ya zamani ya Windows yenye RAM ya GB 8. Nimeweka Crafty na kuunda seva, lakini nikiiwasha inazima baada ya sekunde chache. Je, laptopu imechoka? – Mama, Donholm

Hapana, mama. Laptopu hiyo inawatosha wachezaji sita hadi wanane. Shida ya namna hii mara nyingi ni Java, programu inayoendesha seva ya Minecraft. Kwenye Windows, Crafty haiji na Java yake. Huita iliyopo kwenye mashine, na ikikuta ya zamani, seva huanguka hata kabla ya kufungua dunia. Ingia ukurasa wa logi utafute mstari wenye neno UnsupportedClassVersionError. Mstari huo hutaja namba mbili, kwa mfano 65.0 na 52.0. Toa 44 kwa kila moja upate toleo la Java: 65 ni Java 21 ambayo seva inaitaka, 52 ni Java 8 uliyo nayo. Minecraft 1.18 hadi 1.20.4 hutaka Java 17, 1.20.5 ilipotoka, ikawa 21. Chukua Java ya biti 64, maana ya biti 32 kwenye Windows itashindwa kutenga hata GB 2. Ukishaiweka, funga Crafty kabisa na uiwashe upya, la sivyo itaendelea kuita ile ya zamani.

Ikiwa logi haina neno hilo bali inataja eula, basi hujakubali masharti ya matumizi. Crafty hukuuliza unapowasha seva mara ya kwanza. Kubali, uwashe tena.

Kuhusu RAM, usiipe seva GB zote 8. Weka kiwango cha chini GB 1 na cha juu GB 4. Windows inahitaji sehemu yake, na Java hula zaidi ya kile ulichoandika. Ukiandika 7, Windows itaanza kutumia diski badala ya RAM, na watoto wataona gemu inaganda kila wanapotembea.

Unapounda seva chagua Paper, ambayo ni nyepesi kuliko seva ya kawaida. Kisha fungua faili ya server.properties ndani ya paneli ubadilishe view-distance, yaani umbali ambao mchezaji anaona, kutoka 10 hadi 6. Punguzo hilo si dogo: kwa 10, kila mchezaji hushikiliwa vipande 441 vya dunia, kwa 6, ni 169. Mwisho, kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, iambie laptopu isilale ikiwa kwenye chaji na isifanye lolote kifuniko kikifungwa.

Seva yangu inaingilika vizuri nyumbani, lakini rafiki zangu wa Rongai na Kikuyu hawawezi. Nimefungua poti 25565, mlango wa mtandao unaotumiwa na Minecraft, kwenye rauta, nimezima fayawoli, bado wanaambiwa muda umeisha. Nimekosea wapi? – Mwanafunzi, Kasarani

Huenda hukukosea popote. Kwanza, ndugu, washa fayawoli tena. Kinachohitajika ni kuiruhusu Java tu, na kuhakikisha waifai ya nyumbani imewekwa kama mtandao wa faragha, si wa umma. Mara ya kwanza seva inapowaka, Windows huuliza kama Java iruhusiwe. Aliyebonyeza kukataa huachiwa kanuni ya kuzuia, na lazima aifute kwa mkono.

Sasa ingia ukurasa wa rauta utafute anwani ya IP ya upande wa intaneti, ile iliyoandikwa WAN. Ilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kutambua IP yako. Zikifanana, rudi kwenye poti: hakikisha imeelekezwa kwa IP ya laptopu, kwa aina ya TCP, na kwamba rauta imeihifadhia laptopu IP hiyo isibadilike. Zikitofautiana, na hasa ile ya WAN ikianza na namba kati ya 100.64 na 100.127, au na 10, uko nyuma ya rauta nyingine kubwa ya kampuni ya intaneti. Nyumba nyingi zinatumia IP moja ya nje. Rafiki yako akibisha, anabisha lango la jengo zima, na mlinzi hajui mgeni ni wa nyumba ipi. Poti uliyofungua ni ya mlango wako tu. Hakuna paneli inayoweza kuondoa hilo, hata ya kulipia, na inatuuma kuona vijana wakinunua rauta mpya kwa sababu hiyo.

Njia ya kwanza ni kuiomba kampuni yako IP ya umma. Baadhi hutoa, mara nyingi kwa malipo ya ziada ya kila mwezi.

Njia ya pili ni Tailscale, programu inayounganisha kompyuta zilizo mbali kana kwamba ziko kwenye mtandao mmoja wa faragha, na kwa kundi la marafiki wanaojuana ndiyo tunayoipendekeza. Iweke kwenye laptopu ya seva, nao waiweke kwenye kompyuta zao, kisha uwatumie kiungo cha kushirikishwa mashine hiyo moja. Wataingia kwa ile IP inayoanza na 100 ambayo Tailscale imeipa laptopu. Uzuri wake ni kwamba hujaribu kuunganisha kompyuta mbili moja kwa moja. Ikifaulu, na kampuni zenu zikiwa zinabadilishana data pale KIXP, kituo ambako kampuni za intaneti za Kenya hukutana, safari ya Kasarani hadi Rongai haitoki Nairobi na viunga vyake. Amri ya tailscale ping, ikifuatiwa na jina la mashine, itakuonyesha kama njia ni ya moja kwa moja au inapitia kituo cha kati.

Ya tatu ni handaki kama playit.gg, huduma inayowapokea wageni kwenye kituo chake na kuwapitisha hadi kwenye seva yako: rafiki zako hawaweki chochote, wanapewa anwani tu. Gharama yake ni mzunguko. Kituo cha handaki kikiwa Ulaya, kila hatua ya mchezaji hushuka Mombasa, hupita chini ya bahari, na kurudi. Kujenga nyumba bado kunawezekana. Kupigana na mtu kwa upanga hakupendezi.

Njia yoyote utakayotumia, washa orodha ya walioruhusiwa, na usiifungulie intaneti poti 8443, ambayo ni ya paneli yenyewe. Mwenye kuifikia hiyo anagonga mlango wa mashine yako yote.

Nina saiba yenye kompyuta sita. Akaunti moja ya Minecraft inatosha kwa zote? Na wateja wenye simu wanaweza kuingia? – Mwenye saiba, Githurai

Akaunti moja haitoshi. Mteja wa pili akiingia kwa akaunti ileile, seva humtoa wa kwanza. Wengine hukwepa kwa kuweka online-mode=false; tunakusihi usifanye hivyo, kwani seva huacha kuthibitisha majina, na yeyote anaweza kuandika jina lako na kupata mamlaka yako.

Wa simu wanaweza. Weka Geyser na Floodgate, programu-jalizi zinazowaruhusu wenye Minecraft ya simu kuingia, kwenye seva ya Paper. Simu hutumia poti 19132 ya UDP, si TCP. Hapo ndipo wengi hukosea. Seva iunge kwa kebo, si waifai.

Stima ilipotea usiku, na sehemu ya dunia yetu ikarudi kuwa pori tupu. – Baba, Umoja

Seva ilikatwa ikiwa inaandika diskini, baba, na sehemu iliyoharibika ikazalishwa upya kama ardhi mpya. Laptopu yenye betri nzima huvumilia, ila rauta haina betri. Kuna UPS ndogo za rauta. Kabla ya kununua soma volti zilizoandikwa kwenye chaja ya rauta, kwa kawaida 12 au 9, zilingane.

Kisha weka ratiba ya nakala kwenye Crafty: kila siku saa kumi alfajiri, ikihifadhi saba za mwisho, kwenye diski tofauti, na seva izimwe kwanza ili nakala isishike faili zilizo nusu. Baada ya wiki moja, ili kuhakikisha nakala zinafanya kazi, chukua moja (faili ya zip), unda nayo seva ya pili kwa poti 25566, uingie utembee hadi nyumbani kwa mmoja wa wachezaji.